Uso wa Tisa Darini mwa Hoteli Aurora

Lázně Javořice, 4 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila vumbi la chokaa limenikausha koo, na maji ya chemchemi bado yana ladha ya yai viza.

Hoteli tumeivua rangi za zama za chama cha kikomunisti, imebaki ileile ya 1897: nguzo, marumaru, na nyuso kumi na mbili za wanawake kwenye dari ya ukumbi wa chakula. Lakini uso wa tisa si wa asili. Wenzake wamenuna, huyu anacheka, tena ana kishimo shavuni. Kamati ya ukarabati imeamua ung'olewe Jumatatu tarehe 16. Wewe uliwahi kupiga lipu hapa. Ni fundi gani aliyeharibu kazi ya watu?

Mwanao,
Lída

Brno, 12 Machi

Mwanangu Lída,

Marahaba. Magoti yananung'unika tu. Mharibifu huyo ni mimi.

Mwaka 1964 uso ule ulianguka kwenye bakuli la supu. Msimamizi akasema, "Weka chochote, Vojtěch, mradi kina pua!" Mama yako alikuwa mhudumu pale. Nilimlaza mezani, nikampaka jasi usoni nipate nakala ya sura yake, mirija miwili puani apumue. "Usicheke," nikamwambia. "Basi usinitekenye, punda wewe!" Akacheka. Macho nikayachonga baadaye, yakiwa wazi.

Ulikuwa na miaka miwili alipotutoka, na katika picha pekee tuliyo nayo amefumba macho. Nilipaswa kukuambia zamani. Kila nikitaka, naishia kuzungumzia magoti.

Kama lazima ashuke, msimtwange patasi. Kateni kwa waya, polepole.

Baba yako

Lázně Javořice, 17 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Uso ulishushwa jana.

Usishtuke. Nilimshusha mwenyewe, kwa waya, kama ulivyonifundisha utotoni. Mafundi walinicheka: "Lída, unamwogopa mdoli?" Nyuma yake nikakuta umeandika kwa kidole: *Jarmila, usianguke.* Nikakaa palepale kwenye kiunzi nikalia, maana jina la mama yangu nalijua.

Kamati haimtaki, nami sikubali akae stoo. Yuko jikoni kwangu, ananitazama nikinywa chai. Ukuta juu ya meza ni mtupu, na sitampachika bila wewe. Panda treni, visingizio vya magoti sivitaki. Lete mwiko wako wa lipu.

Ana macho mazuri, baba. Hukuwahi kuniambia.

Mwanenu,
Lída