Jina Langu Kwenye Kitabu cha Nyota

Kaka Sufiani, shikamoo.

Sisi wazima. Goti la mama limepungua kumuuma.

Umenitaka nimwombe radhi mkuu wangu wa idara, Kitwana, kwa kuwa ni rafiki yako. Basi sikia alichofanya. Miaka miwili nimetafsiri kitabu cha elimu ya nyota kilichowekwa mtandaoni bure, ili wanafunzi wangu chuoni wasikose cha kusomea. Sura ya mwezi na bamvua, yale maji makuu ya bahari, niliiongeza mimi na Zaina, mwanafunzi wangu kutoka Saadani. Waandishi wa kitabu cha asili walitaka jambo moja tu, majina yao yasifutwe. Kitwana ameyafuta yote, na yetu pia, akaandika lake. Nilipomuuliza kikaoni, alicheka. "Cha bure hakina mwenyewe, dada."

Nikamwita mwizi mbele ya wote, naye akaninyang'anya somo.

Jana Zaina alimwomba darasani aeleze kwa nini bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Kitwana akashindwa, akamfukuza. Darasa zima likatoka naye, wakaja barazani kwangu na madaftari yao, tukasoma mpaka adhana ya magharibi.

Radhi siombi, kaka. Mwambie hivyo rafiki yako.

Mdogo wako,
Nadhira, Bagamoyo