Milango Minne

Nakuru, Jumamosi, 14 Mei 1955

Nilikuwa nimeshachagua gari dogo la kijivu, la milango miwili. Halili petroli nyingi, linapenya hata sokoni. Kwa mtu anayefukuzia habari mjini, linatosha kabisa.

Ni mke wangu Nafula aliyeuliza, "Na mama ataingiaje?"

Mama yake ametoka Bungoma kutibiwa macho. Ili aketi nyuma, angepita akinisugua bega, na kwetu mtu hagusani wala hasemezani na mama mkwe wake. Angeona heri apofuke nyumbani, wala asingelalamika.

Nikarudi gereji, nikachukua gari kuukuu la milango minne.

"Bwana, hili kubwa la nini?" muuzaji akacheka. "Una abiria wangapi?"

"Mmoja."

Leo nimempeleka hospitali. Alikaa nyuma ya Nafula, uso dirishani.

"Nafula, mwambie baba watoto apunguze mwendo."

"Mama, si amekusikia?"

"Sikusema naye. Mwambie."

Nafula akaniambia, nikapunguza.

Daktari anasema jicho moja bado linaweza kupona. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyoonyesha.

Tukirudi, tulivuka reli. Kisha mama akasema polepole, "Nafula, mwambie amenitendea kama mwana niliyemzaa."

Nafula alikuwa amelala, anakoroma. Mama alimsikia vizuri akikoroma, kama nilivyomsikia mimi.