Mkono wa Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Natumai hujambo huko ugenini. Sisi Makadara tu salama. Mwanangu ameota jino, na mimi nyanya yako wa ukoo bado nanyonyesha.

Waniuliza mbona darasani mwa dansi ya baleti, ukishika chuma cha ukutani, mguu haupandi. Wangu pia ulikataa nilipoanza darasa hilo huku kwetu. Wa Zuhura, mama mwenzangu darasani, ulipanda kama moshi wa udi. Nikamwonea wivu hata salamu yake nikawa naijibu shingo upande. Mwalimu akanicheka nilivyoking'ang'ania chuma: "Dada, hapa si feri, hicho chuma hakiendi Likoni! Legeza mkono."

Ndipo nikautazama mkono wa Zuhura badala ya mguu. Vidole vimetua tu, kama ninavyomgusa mwanangu akilala. Nikalegeza, mguu ukapanda kidogo.

Wivu bado ninao, ila sasa namwamkia mimi kwanza.

Akupendaye,
Nyanya Mwanamkuu