Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Mama Mkubwa wangu,

Mjukuu wako Nasra anaulizia habari zako. Anachora ukoo wetu kwenye kompyuta, na juzi nilimpa begi la baba lenye karatasi zake. Unamkumbuka baba alivyokuwa. Alitoka Unguja baada ya mapinduzi, akaja huku London bila hata cheti cha kuzaliwa, akaapa hatapotelewa na karatasi tena. Kila fomu ya serikali aliinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, ndipo akaituma. Tulimcheka sana. Sasa Nasra ametoa nakala ya fomu ya sensa, akayasoma majina: baba, mama, mimi, na wewe mwisho.

"Mama, huyu lodger ni nani?"

Mpangaji. Nikamwambia nitamjibu baadaye, nikajifanya nina vyombo vya kuosha.

Neno hilo mimi nilishaliona zamani, nawe unajua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulinikatalia kwenda kwenye dansi ya shule na ile sketi niliyoipunguza mwenyewe, tena kwa mkasi wako wa kushonea. Nikapanda juu, nikashuka na nakala ya baba.

"Wewe si mama mkubwa wangu," nikakwambia. "Wewe mpangaji tu. Imeandikwa hapa."

Ulikuwa unakanda unga wa chapati. Ukaendelea kukanda.

Kesho yake asubuhi ulisimama nje ya mlango wa jiko, jiko ulilopikia tangu sijaanza kutembea, ukasema, "Hodi."

Nilikuwa peke yangu mezani na chai yangu. Sikujibu. Ukasema tena, "Hodi," taratibu, kama mtu aliyefika kwa watu. Mama ndiye aliyeshuka mbio na taulo kichwani: "Karibu, dada. Una nini leo?" Ulifanya hivyo wiki nzima. Kisha ukaacha, na Jumapili ukanisuka nywele kama kawaida. Kichwa changu kilikuwa kati ya magoti yako, nikaona mambo yamekwisha. Sikukuomba radhi. Nilikuwa na kiburi, halafu nikawa na aibu, halafu wewe ukatutoka.

Jumamosi nilikwenda Kenton kwa Bi Kusum, yule jirani yetu wa Rayners Lane, mtu wa Unguja kama nyinyi. Macho yamechoka lakini ulimi uko palepale. Nikamuuliza ulikuwa nani hasa kwetu.

"Mama yako alimkuta airport, kakaa juu ya sanduku, hana wa kumpokea. Akamchukua. Undugu wao ndio huo."

"Sasa kwa nini baba aliandika mpangaji?"

"Baba yako alitaka kuandika dada wa mkewe. Salma mwenyewe, huyo Mama Mkubwa wako, kakataa. Mimi nilikuwapo, nimewapelekea bajia. Kasema, 'Shemeji, hiyo karatasi ya serikali. Wakijua uongo watakutoeni nyinyi na huyu mtoto. Niandike mpangaji. Mimi najijua mimi nani.'"

Huyo mtoto ni mimi, Mama Mkubwa.

Nilirudi na treni nikilia waziwazi, na kwa bahati London hakuna anayekutazama. Ulilitaka neno lile mwenyewe ili mimi nisifukuzwe. Nami nikakurushia usoni kwa ajili ya sketi, tena sketi yenyewe mbaya.

Nimemweleza Nasra yote, na ya sketi pia. Akauliza, "So nimuweke wapi?" Nikamwambia akuweke kando ya bibi yake, upande wa mkubwa. Kompyuta ikagoma, ikataka majina ya wazazi wenu. Nasra akabishana nayo mpaka ikakubali.

Ninakuandikia nikiwa jikoni, asubuhi, chai iko mezani. Ninakukumbuka sana. Nisamehe. Ninajua mtu habishi hodi kwake, na ni mimi niliyekufanya ubishe. Hodi zako nyingine mama aliziitikia. Ile ya kwanza ilikuwa yangu, na hadi leo sijaiitikia.

Karibu, Mama Mkubwa. Karibu ndani.

Mwanao,
Zuhura