Kaburi la Baba Liko Kambini

Jumatatu, 3 Machi
Evodia kapata ajira! Muuguzi, tena wa serikali! Maharage yameungua jikoni, nimeyaacha, nikazunguka Kasulu nzima kutangaza. Jirani kanitania, "Utatuchosha na huyo Evodia wako." Achoke tu. Mama yake darasa la saba, mtoto anachoma sindano.

Alhamisi, 6 Machi
Ajira inataka kitambulisho cha taifa. Afisa kasikia Kiha chetu, kinachofanana na Kirundi, akamwambia mwanangu, "Nyie wa mpakani. Babu yako kazikwa wapi? Nataka kuliona kaburi." Kasema atakwenda mwenyewe baada ya wiki mbili. Asipoliona, hakuna kitambulisho, hakuna kazi.
Nimetukana peke yangu. Sisi wakimbizi?
Halafu hofu. Baba alizikwa uani kwetu, Kibondo. Nilikuwa na miaka saba tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Lori likatubeba, kaburi likabaki. Sasa pale ni kambi ya wakimbizi Warundi.

Jumatano, 12 Machi
Nimefika. Vibanda kilima kizima. Mti wa mvumu tulioupanda upande wa kichwa cha kaburi la baba umekatwa kuni, kimebaki kisiki. Jiwe alilonolea panga ndilo lililonionyesha. Nimelia kama mtoto.
Akatoka mama wa kibanda cha jirani, Mama Jovina. "Unamlilia nani, mama?" Nikamwambia.
Kumbe kaburi kalizungushia mawe. Miaka tisa analifagia, hajui ni la nani. "Wafu wangu niliwaacha Burundi," kasema. "Labda na wao wana wa kuwafagilia."
Na mimi miaka yote nawaita Warundi wezi wa kuni. Nimeona aibu.

Jumamosi, 15 Machi
Nilitaka Mama Jovina aseme mbele ya afisa. Evodia kashika kichwa. "Mama, we! Mrundi akitutetea, si ndiyo tumekwisha?"
Kweli. Wazo nimeliacha.

Jumatano, 19 Machi
Mama Jovina kaondoka leo. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya kurudishwa Burundi, basi likaja. Hakutaka kurudi. Nilimpelekea maharage ya njiani. Akanipa ufagio wake.
Kibanda chake kilibomolewa kabla vumbi la basi halijatulia.
Nimefagia. Nimelala kwa shangazi, hapa Kibondo. Yeye alikuwepo baba akizikwa, ndiye shahidi. Macho hayaoni tena, lakini kisiki alikipapasa akakijua.
Afisa akiuliza nani alikuwa akilitunza, nitasema ni mimi.
Evodia, balozi wa nyumba kumi, afisa. Wote wanakuja kesho, Alhamisi.