Mkurugenzi Aliyeomba Ruhusa

Fancy, uko? Mume wangu ametuanika!

Tumetoka ofisi ya kodi sasa hivi. Jacktone alienda kuwathibitishia kwamba yeye si mwajiriwa wa wale anaowatengenezea programu, ana kampuni yake na anajipangia kazi mwenyewe, ili tusitozwe kodi ya mwajiriwa. Tai amefunga! Anamwaga maneno, afisa anaitikia tu.

Simu ya Jacktone ikalia. Akasimama. Fancy, ALISIMAMA WIMA!

"Ndiyo bosi. Samahani bosi. Uliniruhusu mpaka saa sita, naja mbio."

Afisa akaweka kalamu chini. "Mkurugenzi, kumbe nawe huomba ruhusa?"

Kumbe nawe huomba ruhusa! Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa tuko hapa Magongo, namuuliza hiyo kodi tutafanyaje. Hata hanisikii. Anakimbia asichelewe kazini.