Kanga ya Bi Nassra Kwenye Simu Ndogo

Jang'ombe, Unguja
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwa dada yangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Nungwi, wewe na shemeji Ayoub, na kwamba wageni wa hoteli hawakuchoshi sana. Sisi hapa hatujambo. Mguu wa mama umepungua kuvimba, na kila siku anauliza utakuja lini. Najua utashangaa kuletewa barua kwa mkono wakati simu uliyoniachia ipo. Sababu utaiona mbele.

Nianze na habari ya shindano. Maalim Msabah, anayetufundisha kompyuta, alitupa kazi sisi wa kidato cha tatu: kila mmoja amtengenezee Bi Nassra tovuti ya nyumba yake ya wageni pale Malindi. Bi Nassra angechagua moja, na aliyeitengeneza angepata nafasi pekee ya mafunzo ya likizo ya Juni. Niliitaka nafasi ile, dada, mpaka nikawa naiota.

Nilifuata neno kwa neno lile daftari lako la masomo ya tovuti uliloniachia. Sikuandika maandishi ya kijivu juu ya rangi hafifu. Sikuweka muziki unaojipiga wenyewe. Namba ya simu sikuizika ndani ya picha. Niliiandika ili mtu aibonyeze tu apige. Kisha nikaifungua tovuti yangu kwenye simu, kama ulivyosisitiza, kwa sababu wageni wengi wa Bi Nassra ni watu wa Pemba wanaokuja mjini kutibiwa, nao hawatembei na kompyuta. Sikuona kosa hata moja.

Bi Nassra alichagua ya Ulfat.

Ulfat ni yule msichana wa Chukwani niliyekusimulia, mwenye kompyuta yake mwenyewe, wakati sisi tunakaa wanne kwa moja ya skuli. Aliipiga picha kanga iliyotundikwa ukumbini kwa Bi Nassra, yenye jina USIONDOKE MGENI WETU, akaitandaza juu ya ukurasa mzima. Bi Nassra alipoiona kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ya Maalim alitokwa na machozi. Ya kwangu alisema ni nzuri, mwanangu, lakini kama fomu ya hospitali. Darasa zima lilicheka, na tangu siku ile Muhiddin ananiita Bi Fomu. Ulfat peke yake hakucheka. Alinisogezea kiti, akasema mpangilio wangu umeushinda wake. Hata wema wake uliniudhi. Nilivitazama vidole vyake vikikimbia juu ya vibonyezo, nikaona kama ananinyang'anya kitu changu nami nimekaa.

Tovuti ilifunguliwa Jumamosi. Jumapili asubuhi mama mmoja wa Wete alimpigia Bi Nassra kumuuliza amemkosea nini, maana amekuwa akilala kwake miaka sita na leo kanga inamfukuza. Bi Nassra hakuelewa. Akaazima simu ya jirani, akatazama. Kwenye simu picha ilikuwa imekatwa pande zote mbili: USI imepotea, WETU imepotea. Imebaki ONDOKE MGENI. Unawajua watu wa mjini na majina ya kanga. Kufika adhuhuri majirani wakawa wanapita mlangoni kwake wakimuuliza, Bi Nassra, na sie tuondoke, au wageni tu?

Jumatatu akaja skuli, amenuna. Ulfat alilia mbele yetu sote. Maalim akasema kujaribu kwenye simu ndilo somo la mwanzo kabisa, na kwamba nafasi ya mafunzo sasa ni yangu.

Sasa nikwambie nisilomwambia mama. Ijumaa, kabla tovuti haijafunguliwa, Ulfat alinifuata nyumbani. Kwao simu ya intaneti anayo baba yake tu, naye alikuwa safarini. Aliniomba niitazame kazi yake kwenye simu yangu. Simu ilikuwa kwenye chaji chumbani. Niliingia peke yangu nikaifungua. Niliyasoma yale maneno mawili, wazi kabisa, dada. Nikatoka, nikamwambia iko sawa. Akanishukuru, akaniachia visheti alivyoleta kutoka kwao.

Jana nilikwenda Chukwani. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Ondoke mgeni," akafunga mlango.

Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia naitwa. Alisimama pale pale, macho mekundu, mkono ameunyoosha. Hajanisamehe, nisikudanganye. Alitaka simu, aijaribu picha mpaka maneno yote yatimie. Nikampa. Leo asubuhi nimemweleza Maalim pia. Amesema atazungumza na Bi Nassra, na kwa sasa nafasi ile haina mwenyewe.

Nakuomba radhi, kwa sababu simu ni yako, na ulilonifundisha nililitumia kumwangusha mtu. Wivu haujanitoka wote. Bado naona picha yake inashinda chochote nilichowahi kutengeneza, na bado natamani ingekuwa yangu.

Mama anakusalimia sana, nawe nisalimie shemeji. Barua nampa jirani yetu Kheir, anakuja huko Ijumaa. Ukipiga simu wiki hii atapokea Ulfat. Zungumza naye vizuri, dada, na akikubali, muulize kanga inasomekaje sasa.

Mdogo wako akupendaye,
Sumaiya